Majina Yanayopita Haraka

Msikilizaji, leo usiku tamthilia yako ikimalizika, usinyanyuke mara moja kwenda kupakua chakula. Tulia kidogo utazame majina yanayopanda kwenye kioo. Yanakwenda mbio, na mara nyingi hayafiki mwisho: linaingia tangazo la sabuni, au kionjo cha kipindi kinachofuata. Waigizaji waliotangulia juu unawafahamu tayari. Chini yao wapo watu ambao hata jirani zao hawajui wanafanya kazi gani: aliyeshika maiki, aliyefunga taa, aliyepanga ratiba, aliyezunguka Kariakoo akitafuta pazia la rangi inayotakiwa, aliyekesha mbele ya kompyuta akikata na kuunganisha. Hao ndio nataka kuwazungumzia. Maana vijana wanaoniuliza namna ya kuingia kwenye filamu na televisheni, nikiwarudishia swali kwamba unataka kufanya nini huko, karibu wote hunijibu: kuigiza. Anayebaki atasema anataka kuwa dairekta.

Siwalaumu. Sekta yetu, hasa hapa Tanzania, ilijengwa juu ya sura. Televisheni Bara ilianza mwaka 1994, na haikuchukua muda vikundi vya maigizo kama Kaole vikawa vinatukalisha mbele ya ITV jioni. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikatoka Girlfriend ya George Tyson, watu wakaona kumbe filamu yetu inaweza kuuzika. Waliotokea Kaole, Steven Kanumba na Vincent Kigosi tunayemwita Ray wakiwamo, wakahamia kwenye kanda na baadaye DVD. Hadithi moja ilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, ili mteja alipe mara mbili. Na msambazaji kabla hajatoa fedha alitaka kujua jambo moja: kwenye kava yupo nani?

Kibiashara hesabu yake ilikuwa sahihi. Lakini angalia ilivyomfikia fundi. Msambazaji ananunua haki zote kwa mkupuo, mwenye filamu anapokea, anawalipa mastaa, na kinachobaki ndicho kinachogawanywa kwa kamera, taa, sauti, usafiri na wali wa mchana. Ndiyo maana kwenye kava nyingi za enzi zile utakuta mtu mmoja ndiye mtunzi wa hadithi, mwongozaji, mtayarishaji na mhusika mkuu. Wachache walikuwa na kipaji cha kuyabeba yote hayo. Wengi walikuwa wanabana matumizi. Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu, umati uliofurika kumsindikiza makaburini Kinondoni ulionyesha uzito ambao sura moja inaweza kuubeba. Miaka iliyofuata ikatuonyesha upande wa pili: nakala za wizi zikazidi, filamu za nje zikamwagwa mitaani kwa bei ya kutupa, intaneti ikaingia kwenye simu, na soko la DVD likadidimia.

Ajira za nyuma ya kamera zilikuja kuokolewa na king'amuzi. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, mikoa mingine ikafuata. Mwaka uliofuata ikaja Azam TV. MultiChoice nao wakatuwekea Maisha Magic Bongo. Chaneli zikawa na njaa ya vipindi vya Kiswahili, tena vya kila wiki na kila siku. Tamthilia kama Huba na Jua Kali zimekwenda msimu baada ya msimu. Kwako wewe mtazamaji hiyo ni burudani ya jioni. Kwa fundi ni ratiba, kitu ambacho hakuwa nacho. Filamu ya DVD ilipigwa siku chache, halafu mtu anarudi nyumbani kusubiri simu. Tamthilia inapigwa miezi. Kipande cha Jumatatu lazima kiwepo Jumatatu. Staa akiugua, mwandishi atamsafirisha Mwanza ndani ya hadithi na kazi itaendelea. Mtu wa sauti akiugua, anatafutwa mtu mwingine wa sauti asubuhi ileile, kwa sababu bila yeye hakipigwi kitu. Kijana anayetafuta kazi ya kudumu aisikilize tofauti hiyo vizuri.

Kwa hiyo ushauri wangu, na najua wapo watakaobisha, ni huu: tafuta idara kabla hujatafuta jina. Seti inayokwenda sawa ni kama jiko la shughuli. Anayekuna nazi hamfundishi anayegeuza pilau, na chakula kinatoka kwa wakati kwa sababu kila mmoja anajua sufuria yake. Ipo idara ya kamera, ya taa, ya sauti, ya mandhari, ya mavazi na vipodozi, ya uhariri, na ile ya uzalishaji inayohakikisha gari limefika na kibali kipo mfukoni. Kila moja ina mkubwa wake na wasaidizi wake, na kila moja ina ngazi ya kupanda.

Chukua mtunza mwendelezo, anayeitwa kontinyuiti kwenye seti. Nyumba ya kupigia picha hukodiwa kwa siku, basi sini zote za sebuleni hupigwa pamoja, ziwe za kipande cha tatu au cha tisa. Asubuhi binti analia kwa sababu mchumba kamwacha. Mchana, sebule ileile, wameshaoana. Jioni wanarudi kupiga sini inayotangulia zote mbili. Nani anakumbuka bandeji ilikuwa mkono gani? Hereni zilikuwa zipi? Juisi kwenye glasi ilikuwa imefika wapi kamera ilipokatwa? Yupo mtu mwenye daftari na simu iliyojaa picha za magauni na glasi, na ni kazi ya mtu makini kupita kiasi. Akikosea, watazamaji wetu hawana huruma. Usiku huohuo picha mbili zimewekwa mtandaoni kwa pamoja, na hereni imezungushiwa duara jekundu.

Lakini idara ninayotaka kukaa nayo zaidi ni sauti. Wewe unanisikiliza bila kuniona, kwa hiyo huhitaji kuelezwa sauti inaweza kubeba nini. Nchi hii ilizoea mchezo wa kuigiza kwa masikio kwanza. Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania walituchekesha bila sisi kuhitaji kuziona nguo zao. Twende na Wakati, ulioanza kurushwa mwaka 1993, uliwafanya watu wagombane na wahusika wa hewani kana kwamba ni wapangaji wenzao. Cha ajabu, tulipopata picha tukalisahau sikio. Tafuta filamu yoyote ya bei nafuu ya miaka ile: mama anamlilia mwanawe, na nyuma yake jenereta linalia kumshinda. Kamera ikisogea nyuma, maneno nayo yanakwenda mbali, kwa sababu maiki iliyotumika ni ileile iliyoota juu ya kamera.

Namna ya kuliepuka hilo inajulikana. Maiki huning'inizwa kwenye mti mrefu, bumu wanauita, na kijana anaunyanyua juu ya vichwa vya waigizaji, nje kidogo tu ya mpaka wa picha. Jaribu kunyoosha mikono juu dakika tano huku ukifuata watu wawili wanaogombana, usitingishe, usitupe kivuli ukutani, uone kama ni kazi ya mtu mvivu. Maiki nyingine ndogo hufichwa kwenye nguo, na hapo utajifunza kwamba khanga mpya yenye wanga ni adui: mama akigeuka kidogo tu, unasikia mkwaruzo. Sauti huingia kwenye mashine yake, mbali na kamera, na ndiyo sababu ya kile kibao kinachogongwa mwanzo wa kila sini. Si pambo. Mhariri anatafuta picha ambayo vipande viwili vya ubao vimegusana, anatafuta mlio wa "ta!" kwenye rekodi, anavilaza pamoja, na midomo inakubaliana na maneno. Hata namba zina maana hapo. Sauti ya video hurekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, ya CD ya muziki ni 44,100. Ukizichanganya ovyo, mpaka kufikia katikati ya sini bwana anafumba mdomo na sentensi bado inaendelea.

Halafu kuna Dar es Salaam yenyewe. Friji inavuma, basi inazimwa. Na fundi mzoefu hutumbukiza funguo za gari lake ndani ya friji hiyo ili asiweze kuondoka bila kuiwasha tena, nyama ya mwenye nyumba isije ikaoza. Feni inazimwa, waigizaji wanatokwa jasho, mtu wa vipodozi anakimbia na kitambaa. Adhana ina saa zake zinazojulikana, anayepanga ratiba vizuri huwapa watu mapumziko wakati huo. Bodaboda anasimamishwa mwisho wa mtaa na kijana mwenye adabu, na nasisitiza mwenye adabu, kwa sababu mtaa ukikasirika hakuna filamu siku hiyo. Mvua ikipiga juu ya mabati, kaa chini unywe chai. Na kabla ya kuondoka chumbani, mtu wa sauti atawaomba wote wasimame kimya nusu dakika, pengine dakika nzima, arekodi chumba kisicho na maneno. Mhariri atautumia ule ukimya kuziba mapengo baina ya vipande. Hapo utamtambua dairekta anayeijua kazi: yeye mwenyewe atawanyamazisha watu. Asiyeijua ataanza kufungua taa na kupakia.

Naeleza yote haya kwa sababu ya soko. Wenye kamera mjini wamejaa. Wenye masikio yaliyofunzwa hawatoshi, na prodyuza yeyote atakwambia amewahi kuahirisha siku ya kazi kwa kumkosa mmoja. Chaneli za kulipia na majukwaa ya mtandaoni yana vipimo vya sauti, na kazi isiyovifikia inarudishwa kwa mwenyewe hata picha ikiwa nzuri kama lulu. Binti, filamu ya Seko Shamte, ilipopokewa Netflix mwaka 2022, watu walizungumzia hadithi na waigizaji, kama ilivyo haki yao. Mimi nilifurahi pia kwamba nilisikia kila neno.

Kuhusu kupanda ngazi, mfano ninaoupenda unatoka Nairobi. David Gitonga, anayejulikana kwa jina la Tosh, aliongoza Nairobi Half Life ya mwaka 2012, filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kushindania tuzo ya Oscar. Kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa mwongozaji, ikiwamo kwenye The First Grader, ile filamu ya Mzee Maruge aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Ukisikia msaidizi wa mwongozaji usidhani ni mbeba mkoba. Huyu ndiye anayejua jua litazama saa ngapi, nani aamshwe kwanza, watu wa umati wamekula au bado, na kama sini iliyobaki inaweza kumalizwa kabla mwenye nyumba hajarudi. Mtu aliyeiendesha seti ya mwingine kwa namna hiyo, akipewa filamu yake hatapotea.

Nairobi Half Life pia ilizaliwa kwenye mafunzo ya aina ambayo ningependa kuyaona kwetu kwa wingi. One Fine Day Films, kampuni aliyoianzisha Mjerumani Tom Tykwer, ilishirikiana na Ginger Ink ya Nairobi. Vijana walifundishwa kwa idara, wa kamera kivyao, wa sauti kivyao, wa uhariri kivyao, kisha wakaingizwa kwenye filamu halisi huku wataalamu wakiwa nao bega kwa bega. Njia hiyohiyo ikatupa Something Necessary ya Judy Kibinge, Kati Kati ya Mbithi Masya, na Supa Modo ya Likarion Wainaina. Wapo wanaonung'unika kwamba fedha ni za wageni na mwalimu ni mgeni. Hoja ina uzito wake, sitaibeza. Ila ujuzi ukishaingia mkononi mwa kijana wa Eastlands pale Nairobi, hauna pasi ya kusafiria ya nchi nyingine.

Vyuo vipo: TaSUBa pale Bagamoyo, KIMC Nairobi, na tangu 2018 chuo cha MultiChoice Talent Factory, Nairobi hukohuko, kinachochukua vijana kutoka nchi kadhaa za ukanda huu. Nenda ukipata nafasi. Faida kubwa utakayoiona ni wale mliosoma nao. Kwenye seti hakuna anayeomba kuona cheti, lakini simu ya kwanza ya kazi itatoka kwa mwenzako wa darasani ambaye mtu wake wa taa amemkimbia. Na kila ZIFF inapofanyika Zanzibar, tamasha lililoanza mwaka 1998, usiende kupiga picha na mastaa Ngome Kongwe tu. Kaa uangalie filamu kisha umsubiri aliyeihariri.

Ukiwa Zanzibar, itazame tena Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021. Safari hii uiangalie kwa jicho la mtu wa mandhari. Hadithi ni ya miaka ya 1950. Maana yake ndani ya picha kusiwe na dishi juu ya paa, wala ndoo ya plastiki uani, wala bango la vocha ukutani, wala mshono wa gauni uliobuniwa juzi. Mtu amekaa akafikiria vibao, taa za chemli, magazeti, viatu. Ukitazama bila kuona kazi hiyo, basi imefanywa vizuri.

Sasa fedha. Kijana anauza kiwanja cha urithi anunue kamera. Nimeliona hilo zaidi ya nilivyopenda. Kamera inashuka thamani siku unayoitoa dukani, na kila mwaka linakuja toleo jipya linaloifanya ya kwako ionekane kuukuu. Ikodi. Kwenye bajeti ya prodyuza kodi ya vifaa ina mstari wake, wewe uza mikono na akili. Wala usidharau harusi. Mafundi wengi wa kamera tunaowaheshimu walianzia kwenye kitchen party na send-off, na sijui chuo kinachofundisha wepesi kama ukumbi wenye taa mbaya, MC asiyefuata ratiba, na bibi harusi atakayetembea kuelekea jukwaani mara moja tu, hakuna kurudia. Video za Bongo Fleva nazo zimekuwa darasa. Adam Juma na waliomfuata walionyesha kwamba taa na rangi vinaweza kufanyiwa kazi hapahapa.

Zipo pia filamu za mashirika, za afya, kilimo na elimu. Siri ya Mtungi, iliyoanza 2012, iligharimiwa na msaada wa Marekani kwa ajili ya elimu ya afya, na ilitengenezwa kwa kiwango ambacho wengi hawakukitarajia. Kazi za namna hiyo zililipa vizuri na kwa wakati. Lakini mwaka 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, lilifungwa, na aliyekuwa na mteja wa aina hiyo peke yake alijikuta hana mteja. Changanya: tamthilia, matangazo, harusi, shirika, video ya muziki. Fundi wa kujitegemea anaishi kwa kuchanganya.

Nimalizie na karatasi, ingawa najua ndipo watu hubadilisha stesheni. Kabla ya kupiga picha kibali cha Bodi ya Filamu kiwepo. Ni sheria tangu 1976, na likitokea la kutokea, wa kwanza kuulizwa ni mliopo pale mtaani na vifaa. Yako mwenyewe yaandikwe: unalipwa kwa siku au kwa kipande, siku ina saa ngapi, ikipita saa hizo nini kinafuata, nusu gani inatangulia, na jina lako litaandikwaje mwishoni. Prodyuza atacheka akuite mwanasheria. Mwache acheke, asaini. Nawajua mafundi wanaodai malipo ya kazi zilizorushwa hewani zikarudiwa mpaka watoto wamekariri maneno, na wakiulizwa mkataba uko wapi wanaonyesha ujumbe wa sauti.

Na dada zangu, mtu akikwambia nafasi ipo lakini kwanza mkutane hotelini, hiyo ina jina: rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinalihusu jambo hilo, na TAKUKURU ndiko pa kulipeleka. Leah Mwendamseke, tunayemfahamu kama Lamata, anaongoza Jua Kali. Seko Shamte ameongoza filamu iliyofika dunia nzima. Wanawake wanaoajiri wapo.

Kuna swali moja ambalo wenye kampuni nawauliza kila nikikutana nao na bado wananizungusha. Fundi taa akianguka kwenye ngazi saa nane usiku, hospitali analipa nani? Wachache wana bima ya seti. Wengine wanachangisha kwenye kundi la WhatsApp. Mpaka watakaponijibu, wewe fundi unayenisikiliza tengeneza kinga yako: NSSF inawapokea waliojiajiri na kujichangia wenyewe, na bima ya afya unaweza kuilipia mwenyewe. Ulizia wiki hii, kabla msimu mpya haujaanza kupigwa.